Chupa saba za mvinyo na chakula changu cha kila siku: nakosea wapi?

Kizibo_Ndani:

Wakuu habari zenu,

Shemeji yangu amehama, na katika kupunguza mizigo ameniachia kasha lenye chupa saba za mvinyo. Hazifanani hata mbili. Anasema alizipata moja moja: hii zawadi, hii alishinda kwenye bahati nasibu ya kazini, hii hata hakumbuki. Mimi na mume wangu si wanywaji wa kutisha, chupa moja kwetu inakwenda siku tatu. Glasi za mvinyo hatuna, tunatumia bilauri za maji. Na kabla hamjauliza, jina langu la humu limetokana na chupa ya kwanza: kizibuo kilinishinda, nikasukuma kizibo kwa mpini wa mwiko kikazama ndani.

Niliamua nisizitunze hadi siku ya sherehe ambayo haijulikani ni lini. Nafungua moja moja na chakula ninachopika siku hiyo, kisha naandika kwenye daftari la matumizi, kurasa za nyuma. Mpaka sasa hali ni hii:

Jumanne. Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu, lebo inasema kilevi asilimia 14.5. Chakula vibua wa kuoka na vitunguu. Tonge la samaki, funda la mvinyo, na papo hapo mdomo ukawa kama nimelamba funguo. Halafu shombo ikapanda puani, wakati samaki alipotoka jikoni hakuwa na shombo kabisa. Mume wangu akaweka uma chini akaniuliza, "Huyu samaki ni wa lini?" Wa asubuhi hiyo hiyo! Nilinuna hadi vyombo vikaoshwa. Baadaye nikala kipande kikavu bila mvinyo: samaki mzima. Nikanywa mvinyo bila samaki: mzima pia. Ubaya ulikuwa pale vinapokutana.

Alhamisi. Chupa ile ile, ilikuwa imekaa kabatini. Maharagwe ya mchuzi, na siku hiyo mkono uliteleza kwenye pilipili. Kila funda lilikuwa ni kumwagia moto petroli.

Jumamosi. Riesling, mvinyo mweupe wa Mosel, Ujerumani, lebo imeandikwa Kabinett, kilevi asilimia 8.5. Chakula mapaja ya kuku ya kukaanga, chumvi ya kutosha, pilipili tena kwa sababu sisikii. Mume wangu alionja kabla hajala akasema, "Hii ni juisi." Akala paja, akanywa, akanyamaza. Kisha akajimiminia nyingine bila kuniuliza kama nataka. Ndicho chakula bora cha wiki nzima, na sijui nilipatia wapi.

Zilizobaki ni Chianti, Malbec, Beaujolais, Sauvignon Blanc, na moja ya mapovu, Prosecco iliyoandikwa "Extra Dry". Jikoni nina nyama ya kusaga, nyanya zinazoiva kuliko kasi yangu, mayai, viazi na kipande cha jibini la mbuzi. Naombeni mnieleze samaki wangu alikosa nini, na hizi tano nizipeleke wapi. Ila tafadhali, asije mtu akaniambia nikatafute bata. Mvinyo ndio utakaofuata chakula, mimi sipiki kwa ajili ya chupa.

---

Jiko_la_Nyuma:

Dada, samaki wako hana kosa. Hilo la funguo umelisema vizuri kuliko unavyojua.

Mimi nilibeba sahani mgahawani miaka sita kabla hawajaniruhusu kushika kisu, na malalamiko ya "samaki kaharibika" kutoka kwa mtu mwenye glasi ya mvinyo mwekundu mezani niliyasikia hadi nikachoka. Tulikuwa tunambadilishia samaki. Anakuja na lalamiko lile lile, kwa sababu glasi hatujaibadilisha.

Mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha majibu. Mvinyo una madini ya chuma, mara nyingi mwekundu kuliko mweupe, ingawa si lazima. Chuma hicho kikikutana na mafuta ya samaki mdomoni, mafuta yanavunjika na kutoa ile harufu ya shombo. Wewe ulichagua vibua, samaki mwenye mafuta kweli kweli. Kwa hiyo shombo uliitengeneza mwenyewe, pale pale juu ya ulimi. Samaki mweupe asiye na mafuta mengi angekusamehe kidogo.

Cabernet ina jambo la pili, ukakasi. Ule mkavu unaokunja ulimi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Unaletwa na tanini, ambayo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Mvinyo mwekundu hulowekwa pamoja na maganda yake, ndiyo maana ni mwekundu na ndiyo maana una ukakasi. Tanini inashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi, mdomo unakauka. Ukila nyama yenye mafuta, tanini inapata kitu kingine cha kushikana nacho na mate yako yanapumua. Hiyo ndiyo maana ya "mvinyo mwekundu na nyama".

Maharagwe ya Alhamisi yalikuwa hayana neno, tatizo lilikuwa pilipili. Kilevi kinaongeza moto wa pilipili, na asilimia 14.5 ni kilevi kingi. Moto ukikutana na ukakasi hapo hapo, mdomo hauna pa kukimbilia.

Sasa angalia Jumamosi. Asilimia 8.5 ni siri ambayo lebo imekuambia bila kusema. Kilevi ni sukari ya zabibu iliyoliwa na hamira. Mvinyo mweupe ukiona kilevi chake kiko chini hivyo, mara nyingi uchachushaji ulisimamishwa sukari haijaisha. Utamu huo ukapoza pilipili, uchachu wa Riesling ukakata mafuta ya kukaangia, na chumvi ya kuku ikafanya mvinyo usionekane juisi tena. Mume wako alinyamaza kwa sababu alikuwa ameshindwa kesi aliyodhani ameshinda.

Kama Cabernet imebaki hata robo bilauri, usiimwage. Fanya hivi leo kabla ya chakula. Piga funda moja, sikiliza ulimi. Lamba kipande cha limau ulichokinyunyizia chumvi. Piga funda la pili. Kisha tafuna kitu kitamu, hata sukari ya kijiko, upige la tatu. Uniambie umeona nini. Sitakueleza kabla, nitakuharibia.

---

Nanywa_Nipendacho:

Mnajichosha. Mwaka 2001 walitoka watafiti wa Bordeaux, Ufaransa kwenyewe, wakachapisha jaribio: wanafunzi 54 wa somo la mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaanza kuueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao ndio wasomi. Sasa mimi na bilauri yangu nianze kuogopa samaki?

Nyekundu naipenda, nainywa na chochote. Dada, kunywa unachopenda.

---

Jiko_la_Nyuma:

Mkuu, jaribio hilo ni la kweli na nalipenda, lakini lilihusu harufu: jicho liliona wekundu, pua ikatafuta maneno ya matunda mekundu. Halikumpa mtu kibua. Na dada hapo juu hakuwa na mtu wa kumdanganya, hakujua kama kuna tatizo lolote kati ya samaki na mvinyo hadi akalamba funguo.

"Kunywa unachopenda" nakubaliana nalo kabisa. Yeye kasema hakupenda.

---

Nanywa_Nipendacho:

Hapo sina jibu. Ila nikila vibua leo nitajaribu, kwa kubisha tu.

---

Bi_Sufuria:

Mwanangu Kizibo, umenichekesha na mpini wa mwiko. Mimi nimeshatumia msumari na koleo.

Hao wakubwa wameshamaliza ya samaki, mimi nikae kwenye chupa zako tano, maana naona nyanya zitakuozea.

Nyanya uzipeleke kwa Chianti. Usifikirie sana. Chianti ni ya Italia, kwa sheria zao lazima asilimia 70 au zaidi iwe zabibu ya Sangiovese, na Sangiovese ina uchachu wa asili. Nyanya nayo ni chachu. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unapooza na kuwa kama maji ya kusuuzia glasi, lakini vikilingana kila kimoja kinatulia. Chukua nusu ya nyama ya kusaga, upike mchuzi wa nyanya taratibu, tambi juu. Usitie sukari kwenye mchuzi kama wafanyavyo watu wa haraka. Acha nyanya ijiivie, vinginevyo mvinyo utakukwaruza.

Nusu ya pili ya nyama itengenezee vidonge vinene, kaanga vipate ngozi nyeusi nyeusi, unywe na Malbec. Hiyo zabibu asili yake Ufaransa, huko Cahors, lakini Argentina ndiko ilikojulikana. Imeshiba, haina ukali wa Cabernet, na nyama iliyoungua kidogo inaipenda.

Beaujolais ndiyo chupa ambayo watu huionea. Wanaiacha juu ya meza ipate joto, halafu wanasema haina kitu. Zabibu yake, Gamay, haina ukakasi mwingi. Itie kwenye friji nusu saa kabla ya chakula, hata dakika arobaini, uinywe ikiwa imepoa kama mvinyo mweupe uliosahaulika mezani. Ndiyo nyekundu ya siku ambazo chakula hakieleweki: kiporo cha kuku, viazi vya kuoka, kipande cha soseji, saladi. Na nikwambie, hata hizo nyekundu nyingine nyingi tunazinywa zikiwa na joto mno. Zikizidi nyuzi 20 kilevi kinapanda puani na kila kitu kinanuka spiriti. Nyuzi 16 hivi inatosha. Sina kipimajoto, natumia kiganja: chupa iwe baridi kidogo mkononi.

Sauvignon Blanc na hilo jibini la mbuzi. Huko Ufaransa, bonde la mto Loire, hivyo viwili ni majirani: Sancerre, mvinyo wa Sauvignon Blanc wa huko, unatoka kilimani na jibini linatoka kilimani hapo hapo. Weka majani mabichi yoyote ya kunukia unayoyapenda, kamua limau. Mvinyo huo wenyewe una harufu ya majani, utafikiri ulipita shambani.

Prosecco sasa, hapo lebo inakudanganya. "Extra Dry" ni kusema kavu sana, yaani bila utamu, lakini si kweli. Kwa mvinyo wa mapovu, Brut ni sukari chini ya gramu 12 kwa lita, na Extra Dry ni kati ya gramu 12 na 17. Maana yake ni tamu zaidi kidogo kuliko Brut. Aliyepanga majina hayo sijui alikuwa amekunywa nini. Kwako ni bahati, maana mkono wako na pilipili naona ni marafiki. Nenda nayo kwenye mayai. Watu wanasema mayai na mvinyo haviendi, na kweli ute wa kiini hupaka ulimi kama rangi ukutani, nyekundu inakuwa chungu. Mapovu yanausugua. Kimanda chenye viazi vya kukaanga ndani, chumvi, moto moto.

Usiipoze kwenye sehemu ya kugandishia halafu ukaenda kuoga. Mimi nilifanya hivyo. Nilirudi nikakuta mlango wa friji umefunguka wenyewe na barafu yenye vipande vya glasi mpaka kwenye nyama.

---

Kizibo_Ndani:

Bi Sufuria nashukuru, shikamoo. Na Jiko la Nyuma, nimefanya jaribio lako jana usiku, nimesimama kwenye sinki.

Funda la kwanza: ule ule ukavu, ulimi umeshika kwenye kaakaa. Limau na chumvi, funda la pili: sikuamini, nikarudia. Mvinyo ulilainika! Ukawa na utamu fulani wa tunda ambalo halikuwepo sekunde kumi nyuma. Nikamwita mume wangu, nikampa bila kumwambia kitu, akasema, "Umefungua nyingine?" Kijiko cha sukari, funda la tatu: siki na uchungu. Uso wake aliukunja hivi kwamba sasa najua atakavyokuwa akizeeka.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naharibu mvinyo kwa sahani. Basi zile nyakati tumefungua mvinyo mkavu na keki kwenye sherehe za watu, tukasema mvinyo wenyewe mbaya...

---

Jiko_la_Nyuma:

Ndiyo hivyo. Kwa keki, mvinyo uwe mtamu kuliko keki yenyewe, la sivyo uache. Port, kwa mfano, uchachushaji wake husimamishwa kwa kutiliwa pombe kali ya zabibu, sukari inabaki nyingi na kilevi kinafika asilimia 19 hadi 22. Huo unaweza kusimama mbele ya chokoleti. Cabernet haiwezi.

Kuna kimoja sikukuambia. Chupa ile ilikaa kabatini Jumanne hadi Alhamisi. Usirudie. Hata nyekundu iingie friji ikishafunguliwa, maana hewa ndiyo adui na baridi inamchelewesha. Mgahawani tulikuwa na vichupa vidogo: ukijua mtakunywa nusu, jaza kichupa hadi juu kabisa mara tu unapofungua, ufunge, uweke friji. Hewa haipati nafasi. Siku ya nne bado unanyweka, mara nyingine siku ya tano. Ukitaka kuunywa mwekundu utoe mapema upunguze baridi.

Na kama kuna anayetaka kuja na hadithi ya kijiko kwenye mdomo wa chupa ya mapovu, eti kinazuia mapovu yasiishe, nimeijaribu. Kijiko hakifanyi chochote. Kinachosaidia ni baridi, na kifuniko kinachobana.

---

Nanywa_Nipendacho:

Ripoti: vibua, mvinyo mwekundu. Funguo. Lakini si zote, labda funguo mbili. Kesho narudia na limau nyingi juu ya samaki.

---

Kizibo_Ndani:

Wakuu, marejesho kwa waliofuatilia.

Chianti na tambi: Bi Sufuria, sikutia sukari. Nilikaa na sufuria saa nzima na robo, mafuta yakajitenga pembeni, nyanya ikawa rangi ya matofali. Kabla ya kula Chianti ilikuwa kali, nikaanza kukulaumu kimoyomoyo. Tonge la kwanza likaumaliza ule ukali wote. Tulimaliza chupa usiku ule, jambo ambalo kwetu halijawahi kutokea.

Beaujolais dakika arobaini za friji, kiporo cha kuku na viazi. Nzuri, sina la kuongeza. Sauvignon Blanc na jibini nayo nzuri, ila mume wangu hapendi jibini la mbuzi, akala viazi na kunung'unika.

Tatizo ni Malbec. Nilipoifungua ikanuka boksi lililonyeshewa mvua. Nikasema labda ndivyo ilivyo, nikaonja: hakuna tunda, hakuna kitu, ni boksi tu. Vidonge vya nyama vimeiva, vimepata ngozi kama ulivyosema, na chupa haiendi. Nimeifanya nini? Ilisimama wima karibu na jiko wiki mbili.

---

Jiko_la_Nyuma:

Hujaifanya kitu. Joto la jiko si zuri, lingeipikisha, ungesikia matunda yaliyochemshwa. Boksi lililolowa ni kizibo. Kuna kemikali inaitwa TCA, huweza kujitengeneza kwenye gome la mti wa kizibo, na kiasi kidogo mno kinatosha kuua harufu yote ya mvinyo. Haidhuru mwili, ila mvinyo haurudi. Hata kupikia usiitumie, boksi linaweza kuingia kwenye mchuzi. Ingekuwa ya dukani ungeirudisha ubadilishiwe, lakini ya shemeji utairudisha wapi.

---

Bi_Sufuria:

Pole mwanangu. Vidonge vya nyama mlikula na nini?

---

Kizibo_Ndani:

Na robo ya Beaujolais iliyokuwa kwenye kichupa, siku ya tatu. Vilipatana.

Leo asubuhi ndiyo nimefungua Prosecco, kimanda cha viazi, pilipili nikajizuia. Mume wangu ameshika uma mkono mmoja na kalamu mkono mwingine, daftari la matumizi sasa ni lake. Amerudi hadi ukurasa wa ile Jumanne, akafuta "samaki mbovu?" aliyokuwa ameandika pembeni bila mimi kujua, akaandika "chuma".

Na shemeji amepiga simu kuuliza kama ile Chianti bado ipo, eti kuna rafiki yake amemwambia ilikuwa nzuri. Sijapokea simu ya pili.